Kipupwe Kinapoaga: Kutembea kwa Miguu Karatu na Ngorongoro

(Mazungumzo yaliyotolewa jioni ya kwanza ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Karatu, mwezi Septemba)



Kamati ya maandalizi imenipa dakika 20 nieleze matembezi ya kesho. Barua ya Katibu ilisema nitoe "maelezo mafupi ya njia na mavazi." Maelezo hayo ninayo na nitayatoa. Lakini ninyi mnawajua watumishi wa serikali: ukimpa mmoja wao kipaza sauti na glasi ya maji, usitazamie kwamba atakwenda moja kwa moja kwenye ajenda. Basi naomba mniwie radhi nianzie mbali kidogo.

Nianze na malalamiko. Tangu mwaliko utoke Katibu amepokea maswali mengi, na karibu yote ni swali moja: kwa nini Septemba? Mwenzetu mmoja anayeishi Dar es Salaam ameuliza kama hatukuweza kuchagua mwezi "unaoeleweka." Mwingine ameandika kwamba mkewe alifika Karatu mwezi kama huu miaka miwili iliyopita, akatetemeka asubuhi, akaungua na jua mchana, akala vumbi jioni, na usiku akalala na soksi, naye anataka kujua huo ni mwezi wa namna gani. Ndugu zangu, nasema bila woga kwamba shemeji yetu ameueleza mwezi huu vizuri kuliko vitabu vingi vya jiografia nilivyosoma. Nami nimesimama hapa kuutetea.

Sisi tuliokulia bara tumezoea kuugawa mwaka kwa mafungu makubwa: masika, kipupwe, kiangazi, vuli. Kipupwe, yaani baridi ya Juni, Julai na Agosti, kila mtu anakijua. Vuli nayo, kuanzia Oktoba hadi Desemba, inajulikana kwa mvua zake. Katikati ya hizo mbili kuna majuma machache ambayo wengi wetu hatuyapi jina. Tunasema tu "jua kali" au "vumbi," basi. Wenzetu wa pwani hawakufanya uvivu huo. Wana demani, wakati upepo wa kusi unapolegea na bahari kutulia. Wana maleleji, wakati pepo zinapogeuka-geuka kabla ya kaskazi kushika. Na wana neno ambalo mimi nalipenda kuliko yote, tangambili: wakati ambapo upepo hauna upande, na chombo chaweza kutweka tanga kuelekea huku au kule. Nahodha wa Unguja au wa Lamu hakusema kwamba wakati huo haueleweki. Alijua kuwa ni wakati wa kukaa macho.

Hapa Karatu hatuna majahazi, lakini upepo ni ule ule. Kusi hutoka Bahari ya Hindi, upande wa kusini-mashariki, ukiwa umebeba unyevu. Huvuka nyika, hupanda ukingo wa Bonde la Ufa, hupita juu ya mashamba haya mliyoyaona leo mkiingia, kisha hugonga ukuta wa milima: Oldeani, kingo za Ngorongoro, Olmoti, na nyuma yake Loolmalasin unaopita mita 3,600. Hewa ikilazimishwa kupanda hupoa, na unyevu wake hugeuka ukungu. Hapa mjini tuko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukingoni kwa kreta ni kama mita 2,300. Kwa kawaida joto hupungua nyuzi sentigredi 6 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo mtu anayetoka hapa na shati jepesi, akifika ukingoni ameshapoteza nyuzi 5, kabla upepo na unyevu havijadai sehemu yao. Mtakaoshuka garini kesho asubuhi mtaikumbuka hesabu hii bila kuiandika.

Sasa Septemba kusi hulegea. Jua nalo linarudi kusini: linavuka ikweta tarehe 22 au 23, na siku kama nane baadaye, mwanzoni mwa Oktoba, adhuhuri linapita utosini kabisa mwa mtu aliyesimama Karatu. Ndiyo maana mwezi huu una tabia mbili au tatu kwa pamoja. Alfajiri yake ni ya kipupwe, mchana wake ni wa kiangazi, na siku moja moja, alasiri, juu ya Oldeani huzuka wingu jeusi ambalo ni kama mjumbe wa vuli aliyewahi mkutano. Linanguruma kidogo, linadondosha matone mazito machache kwenye vumbi, na kuondoka.

Wale mliosoma Ulaya mtaniambia kwamba nao wana majira ya namna hii, theluji inapoyeyuka na watu kutoka nje kwa furaha. Ni kweli, ila kwao joto na majani huja pamoja. Sisi tunalipwa kwa awamu, kama malimbikizo ya mshahara: kwanza baridi inaondoka, halafu ukame unafika kilele, ndipo mvua na majani mabichi vifuate. Kwa hiyo kesho msitazamie kijani kila mahali. Mtaona nchi ya hudhurungi, mashamba yaliyokwisha kuvunwa, mbaazi za mwisho zikianikwa na kupigwa, vumbi jekundu likiinuliwa na visulisuli, na mijakaranda ikitoa maua ya zambarau wakati ardhi chini yake haina hata tone. Mkibahatika mtaona pia mbayuwayu wa kwanza kutoka Ulaya. Wao wanaikimbia baridi ya kwao katika siku zile zile ambazo sisi tunaagana na ya kwetu.

Niseme basi kwa nini nautetea. Wakati wa masika ukungu ukishakaa juu ya ukingo unaweza kukaa kutwa, na barabara za vumbi zinakuwa tope. Mwezi huu anga lina kazi ya kufanya, na kazi hiyo inafanyika mbele ya macho yako. Ukisimama ukingoni saa 1 asubuhi hukuti kreta yoyote. Ni weupe mtupu, na matone yanadondoka kutoka kwenye miti ingawa mvua hainyeshi. Ukisubiri (na hapo ndipo penye shida, maana wageni wengi wanaupiga picha ukungu na kuondoka), kwenye saa 3 au saa 4 weupe ule unaanza kuchanika. Kwanza kipande cha Ziwa Magadi, mita 600 chini yako, kinang'aa kama bati jipya. Halafu msitu wa Lerai. Halafu, polepole, ukuta wa upande wa pili, kilomita 16 au zaidi kutoka uliposimama. Na mtu aliyeko chini, kwenye sakafu ya kreta, wakati huo anaona jambo jingine kabisa: wingu linafurika juu ya ukingo wa mashariki na kumwagika kwa ndani, kama maziwa yaliyochemka yakizidi sufuria, lakini halifiki chini. Hewa inayoshuka hupata joto, na wingu huyeyuka njiani. Nimelitazama jambo hilo mara nyingi, na kila mara huwa nachelewa chai.

Wa darasa langu watakumbuka safari ya jiografia ya Septemba 1996, tulipokuwa kidato cha tatu. Tulikuja kwa lori la kukodi, tumekaa juu ya magunia ya mahindi tuliyoyasaidia kufika sokoni, sweta za shule zimetoboka viwiko. Mwalimu wetu alikuwa amepata kibali tutembee kwenye njia moja ya msituni, tukiongozwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Tulikuwa tumekwenda nusu saa hivi ukungu ukafunga ghafla, hata ukinyoosha mkono unaona kiganja kwa shida. Askari alisema neno moja tu: "Kaeni." Tukakaa mahali pale pale, kila mtu kwenye nyasi zilizolowa, na mwalimu akatuamuru tuhesabu namba kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kisha turudie, kisha turudie tena, ili ajue tuko wote 34.

Tulikaa karibu saa nzima. Mwalimu yule hakuwa mtu wa kuacha kipindi kipotee bure. Kwa sauti ya chini akatuambia kila mmoja achague tawi lililo juu yake, ahesabu matone yanayodondoka kwa dakika moja. Mimi nilipata 41. Halafu akaturuhusu kupapasa shina la mti ulio karibu, tuseme ni upande gani umeota kuvumwani nene zaidi. Askari naye akachukua majani makavu mkononi, akayasugua, akayaachia, akatazama yanakoelekea, akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilolitaka. Ukungu ulipoinuka ndipo tulipoelewa. Hatua kama 60 mbele yetu, kwenye njia ile ile, palikuwa na nyati saba au wanane wamelala, wanacheua bila haraka. Upepo ulikuwa unatoka kwao kuja kwetu, kwa hiyo hawakuwa wameinusa hata harufu ya zile sweta. Askari alikuwa amewanusa wao. Tulirudi kinyumenyume, kimya, na nadhani ndiyo mara pekee katika historia ya shule yetu ambapo kidato cha tatu kilinyamaza bila kiranja kuandika majina.

Lakini yale matone 41 ndiyo niliyotaka kuyafikia. Msitu ule hauingoji mvua. Majani, kuvumwani, na zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye matawi huuchana ukungu na kuukamua, tone kwa tone, hadi kwenye udongo, hata katika miezi ambayo kipimo cha mvua mjini kinasoma sifuri. Katika Hifadhi hii hii ya Ngorongoro, tambarare za magharibi kule kwenye ukame hupata mvua isiyofika milimita 500 kwa mwaka, na miteremko ya mashariki yenye misitu hufikia milimita 1,700. Maji hayo huzama ardhini na kutokeza mbali: kwenye vijito na chemchemi za upande huu wa Karatu, na hata kule Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, ambako vitunguu mnavyokula Arusha na Nairobi hulimwa kwa maji ya chemchemi mahali ambapo mvua ni haba kweli kweli. Mkiikuta kesho njia imelowa wakati Karatu nzima ni vumbi, mjue mnakanyaga akiba.

Hapa ndipo ninapoomba niongee kama mtumishi, maana katika ukumbi huu tuko wengi. Sehemu kubwa ya utumishi wangu imepita katika mafaili ya ardhi na maji. Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo kimoja ambacho hakuna haja ya kukitaja, nilikabidhiwa faili la chemchemi. Wananchi wa kijiji fulani cha mlimani walikuwa wameandika barua tatu kwamba maji yanapungua. Ndani ya faili mlikuwa na taarifa mbili za ukaguzi, zimepigwa chapa vizuri, zote zikisema hali ya chanzo ni ya kuridhisha. Nikatazama tarehe. Ya kwanza ilikuwa Mei. Ya pili ilikuwa Mei ya mwaka uliofuata. Mwezi Mei, ndugu zangu, hata mtaro wa barabarani unatoa maji ya kuridhisha.

Nilikwenda Septemba. Mahali gari linapoishia nilimkuta mama mmoja mtu mzima, mjumbe wa kamati ya maji. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu. Wewe leo utapanda?" Nikamwuliza kwani wenzangu hawakupanda? Akanyoosha kidole kwenye mti mkubwa ulio hatua chache kutoka barabarani. "Walifika hapo kwenye kivuli. Wakaandika."

Tulipanda naye dakika 45, yeye mbele na ndoo kichwani, mimi nyuma nikitweta. Asubuhi ilikuwa na baridi ya kuumiza masikio, na tulipofika juu jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Ndoo yake ya lita 20 ilichukua dakika 26 kujaa. Tulikaa tukaipima kwa saa. Kisha tukapima kwa hatua kutoka kwenye jicho la maji hadi tuta la kwanza la viazi: hatua 11. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazungumzia mita 60. Nilimwuliza shamba ni la nani. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema ni la shemeji yake, anasomesha watoto wawili kwa viazi vile.

Shauri lile lilichukua miaka miwili, wala sitawadanganya kwamba lilimalizika vizuri kwa kila mtu. Mwenye viazi alipewa eneo jingine lenye udongo mbaya kuliko lile, na hadi leo haongei na shemeji yake. Miti ilipandwa, mingine imeshika. Ninachotaka mkichukue ni jambo moja tu kuhusu majira. Nchi ikiwa imelowa inaficha mengi. Katika majuma haya, baada ya kipupwe na kabla ya vuli, nchi haina cha kujifunikia: utaona chemchemi ipi bado ni hai na ipi ilikuwa inaishi kwa mvua tu, mteremko upi umebaki mtupu ukingoja kumomonyoka, korongo lipi limepanuka tangu mwaka jana. Hayo hayaonekani kutoka kwenye gari lililofunga vioo kwa kuogopa vumbi. Na ni sisi, wenye vioo vilivyofungwa, tunaotia saini.

Mkulima wa Karatu mwezi huu yuko nje kutwa. Anasafisha shamba, anatengeneza makinga maji, anatazama upande wa Oldeani. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli kila mwaka, na anausikiliza redioni. Lakini anajua pia kwamba vuli si mtu wa kuaminika. Mwaka 1997, tulipokuwa tukijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, ilikuja na El Niño na kukata barabara nchi nzima. Miaka mingine haikuja kabisa, mbegu zikaoza au zikaliwa na ndege. Yote hayo yanategemea sana joto la maji ya Bahari ya Hindi na ya Pasifiki, mbali na hapa. Mkulima hawezi kuibadili bahari. Anachoweza ni kuwa shambani siku mvua ya kwanza inapoanguka, na kwa hiyo hawezi kusema hali ya hewa ikitengemaa ndipo atoke.

Naona Mwenyekiti anatazama saa yake, nami bado sijafika kwenye mavazi. Nitasema habari moja zaidi, kwa ajili ya wale ambao bado wanaona ni afadhali kubaki hotelini.

Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, kusini ya Olduvai, kuna mahali panaitwa Laetoli. Mwaka 1976 wataalamu waliokuwa wamemtembelea Mary Leakey walikuwa wakitembea, wakaanza kutupiana mavi makavu ya tembo kwa mchezo. Msicheke; ni watu wenye shahada za juu kabisa. Mmoja wao, Andrew Hill, katika kukwepa akaanguka, na akiwa pale chini akaona kwenye mwamba alama ambazo hakutazamia: nyayo za wanyama wa kale. Walipoendelea kufukua, mwaka 1978 zikapatikana nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili kama sisi, zenye umri wa miaka kama milioni 3.6, zikifuatana kwa urefu wa mita 27 hivi. Pembeni yao mlikuwa na nyayo za tembo, za sungura, za kanga.

Zilihifadhikaje? Volkano ilikuwa imemwaga jivu, na juu ya jivu ikanyesha mvua nyepesi. Jivu likalowa, wakapita, likakauka kama saruji, jivu jingine likafunika. Juu ya uso ule mna hata vishimo vya matone ya mvua. Na wataalamu waliozisoma tabaka zile wanaeleza kwamba jivu hilo lilianguka katika siku ambazo kiangazi kilikuwa kinakwisha na mvua zinaanza. Yaani siku za namna hii tuliyomo. Huo ndio mmoja wa miguu ya zamani kabisa inayojulikana duniani, na ulikuwa matembezini, hapa hapa, katika hali ya hewa ile ile ambayo mwenzetu wa Dar es Salaam anasema haieleweki. Nyayo zenyewe zimefukiwa tena ili zisiharibike, lakini kwenye makumbusho ya Olduvai mna nakala yake, na atakayependa kubaki hadi Jumatatu nitampeleka.

Pamoja na sifa hizo, msinielewe vibaya. Majira ya kubadilika yana meno. Tarehe 3 Desemba 2023, si mbali sana na hapa, mvua kubwa iliuporomosha upande wa Mlima Hanang, na tope, mawe na magogo yakafunika sehemu za mji wa Katesh. Zaidi ya watu 80 walikufa. Hiyo ilikuwa vuli iliyokwisha kushika, sio Septemba. Lakini anayependa kutembea milimani lazima ajue korongo analokatiza lilichimbwa na nini. Wingu jeusi likikaa juu ya mlima, toka kwenye korongo, hata kama ulipo wewe jua linawaka. Ukungu ukifunga, kaa. Na ndani ya hifadhi hakuna mtu anayetembea bila askari, hata awe na cheo gani serikalini. Nyati hasomi vitambulisho.

Sasa njia na mavazi, Ndugu Katibu.

Kundi la kwanza litapita njia ya msituni kwenda kwenye maporomoko ya Endoro na mapango ya tembo. Mapango yale yamechimbwa na tembo wenyewe kwa pembe, wakitafuta udongo wenye chumvichumvi, na kuta zake zina mikwaruzo yao, watoto wataipenda. Njia hii ina kivuli, inapanda kwa wastani, na anayeweza kutembea kutoka nyumbani hadi kanisani au msikitini ataiweza. Kundi la pili litakwenda kwa gari hadi Nainokanoka, kisha kwa miguu kupanda Olmoti, kuona mahali mto Munge unapoanguka kabla ya kuteremka kwenda kreta ya Ngorongoro. Huko ni juu zaidi, hewa ni nyepesi, na upepo hauna adabu. Mwenye shinikizo la damu aniambie leo, tena aniambie mimi, asimwambie jirani yake wa kitandani. Walimu wetu na wengine ambao magoti hayaruhusu wataketi mahali pa kutazamia kreta, na chupa za chai, na kazi yao ni kutuandikia saa kamili ukungu utakapochanika. Nimeweka dau na mwalimu wetu wa jiografia kwamba itakuwa kabla ya saa 4. Yeye anasema baada.

Mavazi: vaeni nguo nyepesi mbili au tatu, moja juu ya nyingine, kuliko koti moja zito, maana mtazivua moja moja hadi adhuhuri na kuzirudia moja moja hadi magharibi. Shati la pamba likilowa jasho hukaa na ubaridi mwilini, kwa hiyo chukueni la kubadili. Kofia ni lazima. Jua la huku juu linaunguza hata mtu asipohisi joto. Koti la mvua, hata lile la shilingi chache la mtumbani. Maji lita moja na nusu kila mtu, watu wazima na watoto. Viatu vilivyokwisha kuuzoea mguu. Nimemwona mwenzetu mmoja na viatu vipya vya ngozi, ncha kama mkuki, nami namsihi aviache kwa ajili ya chakula cha jioni.

Chakula cha mchana ni makande, mayai na ndizi, na akina mama waliokubali kutupikia wameomba mtu yeyote asile akasaza. Tukirudi mapema kuna mahindi ya kuchoma.

Basi la kundi la Olmoti litaondoka saa 12 kamili asubuhi, la Endoro saa 12 na nusu. Uji utakuwa tayari kuanzia saa 11, kama zamani, ila safari hii una sukari. Watakaosikia kengele wasidhani ni ndoto. Katibu ameiazima kutoka shule ya jirani.

 Kama kuna swali juu ya soksi, nitabaki hapa mbele.